Karakana iliyobaki sakafu

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu hadi Nakuru. Basi liliondoka Mombasa magharibi, tukapita Nairobi alfajiri, na kufika saa nne asubuhi tulikuwa tumeshuka, kijana akitetemeka ndani ya fulana ya Mombasa. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haina mzaha na mtoto wa Pwani. Alikuwa ameitwa kuanza diploma ya uhandisi wa mitambo katika chuo kile kile nilichosoma mimi zaidi ya miaka 20 iliyopita. Jina la chuo silitaji, kwa sababu ninayotaka kuyaeleza leo si ya chuo kimoja.

Njia nzima nilimsimulia habari za karakana. Nilimwambia kwamba madarasa yote ya chuo kile ningeweza kuyasahau, lakini lile jengo refu nyuma ya bwalo la chakula ndilo lililonifanya niwe mtu wa kujitegemea. Tulipomaliza mambo ya usajili akaniuliza, "Mjomba, hiyo karakana yenyewe iko wapi?" Nikampeleka. Tukazunguka bwalo, na pale ambapo jengo lilikuwa, tukakuta magari yameegeshwa.

Sakafu imebaki. Saruji ni ile ile nene, yenye madoa meusi ya oili ambayo mvua za miaka hazijayafuta. Hapa na pale kuna vishina vya boliti vilivyokatwa chini kabisa ili visitoboe magurudumu. Kila boliti nne zilizokaa mraba zinakuonyesha mahali mashine ilipokuwa imefungwa. Nilisimama pale alipokuwa akisimama mwalimu wetu, nikakosa la kumwambia kijana.

Mzee mmoja aliyekuwa mtunza stoo, sasa mlinzi wa lango, alinitazama kwa muda kisha akacheka. "Wewe ni yule Mswahili aliyekuwa akiita vaisi jiliwa!" Nikasema, "Ndiye mimi, mzee." Tukasalimiana kwa mikono miwili. Nilipomuuliza jengo lilikwenda wapi, alinijibu kwa ufupi: paa lilibomolewa kwanza, mashine zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, halafu kuta. Paliahidiwa kumbi za mihadhara. Mpaka leo ni maegesho.

Tangu nirudi nimekuwa nikijiuliza swali moja, na makala haya ni jaribio la kulijibu: karakana hupoteaje katika chuo ambacho kilianzishwa kwa ajili ya ufundi? Kwa sababu, ndugu msomaji, ukifuatilia historia ya vyuo vyetu utakuta kwamba vingi vilianzia karakanani au shambani. Mikono ilitangulia, joho likaja baadaye.

Neno hili ni letu

Tuanze na neno lenyewe. Karakana lilitufikia kwa njia ya bahari, pamoja na biashara ya Uajemi na Bara Hindi. Kwa Kiajemi "kar" ni kazi na "khana" ni nyumba. Karakana ni nyumba ya kazi. Neno likatia nanga Pwani, kisha likapanda bara pamoja na mafundi.

Vifaa vingi vya ndani ya nyumba hiyo navyo vina majina ambayo Pwani iliyazoea kabla ya vyuo kuwepo. Parafujo tuliipata kwa Wareno. Randa ya seremala ni ya Uajemi. Kuna patasi, tindo, tupa, keekee, timazi, pimamaji, fuawe la mhunzi na jiliwa la kubania chuma kisicheze. Kukereza, yaani kuzungusha mti au chuma huku kisu kikikichonga, ni kazi ambayo Lamu wanaijua kwa miguu ya vitanda na viti. Ndiyo maana nilipofika Nakuru na kusikia wenzangu wakitaja kila kitu kwa Kiingereza, mimi nilijibu kwa majina ya nyumbani. Walinicheka, lakini hadi mwaka wa pili nusu ya darasa walikuwa wakisema tupa na patasi.

Nayataja haya si kwa kujigamba. Kuna dhana iliyoingia majumbani mwetu kwamba ufundi ni wa watu walioshindwa kusoma. Dhana hiyo si ya asili yetu. Mji uliojenga majahazi, ukachonga milango, ukafua nanga, hauwezi kudharau mkono. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na sisi Waislamu tunajua kwamba Nabii Nuhu aliunda jahazi na Nabii Daudi alilainishiwa chuma akafua deraya. Manabii hawakuona haya kushika kazi.

Jengo lilivyokuwa

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia karakana ya chuo, nieleze lilivyokuwa lile letu, maana yalifanana karibu yote. Lilikuwa ukumbi mrefu usio na dari. Ukitazama juu unaona vyuma vya kenchi na mabati. Madirisha yalikaa juu, karibu na paa, pande zote mbili, ili mwanga uingie bila kivuli cha mtu kuangukia kazi yake, na moshi wa kuchomelea upate pa kutokea. Mlango ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha trekta.

Ndani kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kando ya ukuta yalipangwa mabenchi ya mbao nzito, kila mwanafunzi na jiliwa lake. Katikati zilisimama mashine za kukereza, zimefungwa sakafuni kwa boliti ili zisitikisike, kwa kuwa mashine ikitikisika hata kidogo chuma hakitoki duara. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na tanuri na vyumba vya kuchomelea vyenye mapazia mazito. Upande wa magari kulikuwa na shimo la kuingia chini ya gari.

Lakini sehemu iliyonifunza zaidi ilikuwa stoo. Kwenye ukuta wake palikuwa na ubao, na kila kifaa kilichorwa umbo lake kwa rangi mahali kinapotundikwa. Kila mwanafunzi alipewa vibati vidogo vyenye namba yake. Ukichukua tupa, unatundika kibati chako kwenye msumari wa tupa. Saa kumi jioni mtunza stoo alisimama mbele ya ubao na kuusoma. Umbo tupu likionekana, namba inatajwa, na darasa zima haliondoki mpaka kifaa kirudi. Hakuna mhadhara wa maadili ulionifunza uaminifu kuliko ubao ule.

Ukifikiri vizuri, utaona kwamba jengo lenyewe lilikuwa mwalimu. Urefu wa paa, mahali pa madirisha, boliti za sakafuni na ule ubao wa stoo, vyote vilifanya kazi ya kufundisha. Ukiuondoa ukumbi ukabakisha mtaala, umeondoa nusu ya somo.

Njoro: bwana aliyependa mashine

Kutoka Nakuru mjini hadi Njoro si mbali, kama kilomita 20 na ushei. Huko ndiko kuna chuo maarufu zaidi cha eneo lote la kati la Bonde la Ufa, Chuo Kikuu cha Egerton. Wengi wanakijua kwa shahada zake. Wachache wanakumbuka kwamba kilianza kama shule ya shamba.

Mwanzilishi wake, Maurice Egerton, alikuwa tajiri wa Kiingereza aliyerithi cheo cha ubwana cha Tatton mwaka 1920 na kuishi miaka yake mingi ya baadaye huku Njoro. Watu wa Nakuru humkumbuka kwa ile kasri yake ya Ngata na hadithi za mwanamke aliyemkataa. Mimi hunivutia jambo jingine: alikuwa mtu wa mashine. Alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kabisa kurusha ndege, na cheti chake cha urubani cha mwaka 1910 kilikuwa namba 11 katika nchi nzima ya Uingereza. Enzi hizo mtu wa ndege alilazimika kuielewa injini yake, kwa kuwa ikizima angani hapana fundi wa kumwita.

Mwaka 1939 alitoa ekari 740 za ardhi na kuanzisha shule ya kuwafundisha kilimo vijana wa Kizungu waliotaka kuwa walowezi. Tuseme wazi: mlango ule haukuwa wa Mwafrika. Ardhi ya Bonde la Ufa ilikuwa imewekewa walowezi, na shule ilijengwa kuwatumikia. Mwaka 1950 ikapandishwa ikawa chuo cha kutoa diploma, na mwaka 1955 ikaitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton. Mwaka 1958 bwana Egerton alifariki, akiwa ameongeza ekari nyingine 1,100. Muda si mrefu baada ya hapo chuo kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na vijana wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika wakaanza kuingia.

Kwa miongo iliyofuata, Njoro ilikuwa nyumba ya diploma. Afisa wa kilimo aliyekuja kijijini na pikipiki, fundi wa matrekta, mtaalamu wa maziwa, wengi walipita pale. Diploma ya Egerton iliheshimiwa kwa sababu mwenye nayo alikuwa ameshika jembe na spana kabla ya kushika kalamu ya ofisini. Mwaka 1986 chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge. Kilimo na uhandisi wa kilimo vinafundishwa hadi leo, lakini jina limepanda, na jina likipanda, linalohesabiwa kwanza hubadilika.

Tudor: karakana iliyojengwa kwa mchango

Wakati Njoro ilikuwa imefungwa kwetu, Pwani ilikuwa na kilio chake. Waislamu wa Afrika Mashariki walikuwa nyuma katika elimu ya ufundi, na jambo hilo lilijulikana na wazee wetu na hata na serikali ya kikoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa gavana Sir Philip Mitchell, ukaanzishwa mpango wa chuo cha ufundi cha Waislamu hapa Mombasa. Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Harub, alichangia. Aga Khan wa Tatu alichangia. Jamii ya Mabohora ilichangia. Serikali ya Uingereza ikatia fungu lake, na Sharif Abdalla Salim anakumbukwa kwa kutoa ardhi.

Ndivyo ilivyozaliwa MIOME, Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, kule Tudor. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Angalia maajabu ya jambo hili: taasisi iliyoitwa ya elimu ya Kiislamu, na ndani yake watu walijifunza umeme, mitambo na useremala. Wazee hawakuona mgongano wowote. Walijua kwamba jamii isiyo na mafundi wake itaajiri mafundi wa wengine hata kutengeneza taa ya msikiti.

Mwaka 1966, baada ya uhuru, MIOME ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa na kufunguliwa kwa Wakenya wote. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na Januari 2013 ikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM. Mwezi huo huo dada yake wa Nairobi, Kenya Polytechnic, alipata hadhi kama hiyo.

Njoro na Tudor zilianza kwa nia mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Moja ilikuwa ya mlowezi, nyingine ya Mwislamu wa Pwani aliyeachwa nyuma. Lakini njia waliyopita ni ile ile: shule ya kazi, kisha diploma, kisha milango kufunguliwa kwa wote, kisha chuo kikuu. Na si hizo mbili tu. Makerere, mama wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ilianza Januari 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa waliokuwa wakijifunza useremala, ujenzi na mitambo. Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kina mizizi katika Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956.

Karakana za harambee

Baada ya uhuru wananchi nao waliingia kazini. Miaka ya 1970 mikoa na wilaya zilishindana kuchanga pesa za kujenga taasisi za teknolojia. Watu waliuza mbuzi na kahawa ili mtoto wa kwao apate mahali pa kujifunza kazi. Pwani tulipata taasisi ya Voi. Nakuru ilipata Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Rift Valley, ambayo leo inaitwa Rift Valley National Polytechnic.

Halafu mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Sisi tulio na miaka 40 na zaidi ni watoto wa mfumo huo. Ulitaka kila mtoto ashike kazi ya mkono: sanaa na ufundi, sayansi ya nyumbani, kilimo. Wazazi waliambiwa wajenge vyumba vya ufundi. Shuleni kwetu Mombasa chumba kilijengwa kwa mchango wa wazazi, kikawekwa mabenchi manne na misumeno miwili. Mimi nilitengeneza kigoda kilichoyumba, na mama yangu, Mungu amrehemu, alikikalia jikoni mpaka kikavunjika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ulipunguzwa. Masomo ya mikono yaliondolewa kwenye mtihani wa msingi kwa hoja kwamba mzigo wa mtoto ni mkubwa na shule nyingi hazina vifaa. Hoja ilikuwa na ukweli wake. Lakini kilichofuata kila mmoja alikiona: vyumba vile vya ufundi viligeuzwa madarasa, stoo za mahindi au ofisi. Hakuna aliyetoa amri vibomolewe. Visipotahiniwa, havihesabiwi.

Kwa nini karakana hufa

Sasa turudi kwenye lile jengo la Nakuru. Nimezungumza na yule mzee, na mafundi wawili tuliosoma pamoja, na nimeona kwamba sababu za kufa kwake ni zile zile kwingi.

Ya kwanza ni hesabu. Mashine moja ya kukereza humhudumia mwanafunzi mmoja kwa wakati mmoja, na inataka nafasi, umeme, oili, visu na mwalimu aliye karibu ili mtu asikatwe kidole. Ukumbi wa mihadhara wa ukubwa huo huo huchukua watu 100 au 200, na gharama yake ni viti na ubao. Chuo kinachoishi kwa karo kikipiga hesabu ya vichwa, karakana hushindwa kila mara.

Ya pili ni hadhi. Chuo kikitaka kuwa chuo kikuu, kinapimwa kwa shahada, tafiti na wahadhiri wenye elimu ya juu. Fundi aliyekaa kiwandani miaka 25, anayejua kwa kusikiliza tu kama fani ya injini imekwisha, hana karatasi ya kumruhusu kufundisha. Akistaafu hapatikani wa kushika nafasi yake, na mashine alizokuwa akizituliza huanza kuharibika.

Ya tatu ni vipuri. Mashine nyingi zilinunuliwa au kutolewa msaada zamani. Gurudumu moja la meno likivunjika, kiwanda kilicholitengeneza huenda kilishafungwa. La kuchekesha na kuhuzunisha ni kwamba karakana nzima ndiyo inayoweza kutengeneza gurudumu hilo. Lakini panataka mwalimu.

Ya nne ni paa. Majengo mengi ya zamani yaliezekwa kwa vigae vya asbesto, ambavyo vumbi lake huua mapafu na vimepigwa marufuku Kenya. Kuvitoa kunataka wataalamu na gharama. Chuo kisicho na mpango hutoa paa kwa sababu ya afya, jambo jema, kisha kikakosa pesa za kuezeka upya. Jengo lisilo na paa mvua mbili haliendi.

Ya tano ni ardhi. Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, na kila kiwanja kilichokaa kimya sasa kina mtu anayekitazama.

Sisemi kwamba kila jengo kuukuu lilindwe. Mashine za leo zinaongozwa na kompyuta, na kijana anapaswa kuzijua. Sisemi pia kwamba vyuo vilivyopanda viliacha ufundi. Vipo vinavyojitahidi, na serikali yenyewe iliona pengo: mwaka 2013 ilitungwa sheria ya elimu ya kiufundi iliyounda mamlaka ya TVETA, taasisi nyingine zikapandishwa kuwa vyuo vya kitaifa vya ufundi anuwai, ikiwemo hapa kwetu Kenya Coast National Polytechnic, na vyuo vipya vikajengwa katika maeneo bunge. Hilo ni la kusifiwa. Lakini jengo jipya lenye bango si karakana mpaka mtoto ashike kifaa kwa saa za kutosha.

Maswali ya mzazi

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi majumbani. Watoto wa kwanza wa mtaala wa CBC walimaliza Gredi ya Tisa mwaka 2025, na moja ya njia wanazowekewa mbele ni ya sayansi, teknolojia na ufundi. Wazazi wengi Pwani watashawishika kwa majina na rangi za matangazo. Nawaomba muulize maswali matano kabla ya kulipa.

Karakana iko wapi, na naweza kuingia nikaione leo? Mashine ngapi zinafanya kazi, si ngapi zipo? Mwanafunzi mmoja anapata saa ngapi kwa wiki akiwa benchini? Mwalimu wa karakana alifanya kazi hiyo wapi kabla ya kufundisha? Na vifaa vinatolewa kwa daftari gani? Usidharau hili la mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na chuo kisichojua tupa zake ziko wapi hakiwezi kujua wanafunzi wake wamejifunza nini.

Na kwa sisi tuliopita vyuo hivi, tuna deni jingine. Majengo yale yanatoweka na hakuna anayeandika. Picha za siku ya mahafali, ambapo nyuma ya majoho unaona mlango wa karakana, zimo ndani ya masanduku yetu. Ramani za viwanja zipo kwenye ofisi za vyuo na za upimaji. Madaftari ya stoo, kama hayajatupwa, yanaonyesha mashine gani iliingia mwaka gani. Wazee wa MIOME bado wapo miongoni mwetu, wachache, na kila mwezi tunasikia mmoja ametangulia mbele ya haki. Mwenye babu aliyesoma Tudor akae naye jioni moja, amuulize karakana ilikuwaje, aandike. Haihitaji shahada.

Kabla hatujaondoka, yule mzee alitupeleka kwenye kibanda chake langoni. Kutoka chini ya kitanda alitoa kibati kimoja cha stoo, kilichochakaa, chenye namba 31. Si yangu, yangu ilikuwa 17. Alisema jengo lilipovunjwa alikusanya alivyoweza, vingine vilikwenda na chuma chakavu. Akampa mpwa wangu. Kisha akampigia simu fundi mmoja wa jua kali mjini, aliyesoma nyuma yangu mwaka mmoja, akamwomba ampokee kijana kila Jumamosi.

Chuoni kijana atapata nadharia, na ni nadharia nzuri. Karakana ameipata chini ya mabati ya watu, bila madirisha ya juu na bila ubao wa stoo. Dada yangu hakufurahi nilipomweleza. Aliniuliza, "Sasa tunalipa karo ya nini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na nadhani swali lake linafaa kuulizwa na kila mzazi kwenye kila lango la chuo.

Wiki iliyopita kijana aliniandikia: "Mjomba, leo nimekata chuma sawasawa mara ya kwanza. Wanacheka nikisema jiliwa." Nikamjibu aendelee kusema. Baada ya mwaka watazoea.